Waya wa Tatu wa Prof

Jambo lililoninyima usingizi wiki nzima lilikuwa dogo kiasi kwamba niliona haya kulisema kwa watu: je, zile nyaya za kijani na manjano nilizozifunga kwa mikono yangu ndani ya kabati la mchezo kule Beni zilikuwa zinamlinda mtu, au zilikuwa zinampelekea umeme? Nilichora mpango wake mara nne nyuma ya daftari. Mara zote nne mchoro ulinijibu vilevile, na mara zote nne niliushuku mchoro. Nikaanza kumshuku hata aliyenifundisha kuchora. Hapo nilikuwa nimechelewa, kwa sababu huyo ilinipasa kumshuku tangu darasani.

Sisi sote tulimwita Prof. Alitufundisha umeme katika shule ya ufundi hapa Butembo, na kabla yetu aliwafundisha wakubwa zetu, na kabla yao sijui. Kila anayeshika pensi, yaani koleo, na bisibisi katika mji huu amepita mikononi mwake au mikononi mwa mtu aliyepita mikononi mwake. Ukitaka kujua alifundisha namna gani, ingia katika nyumba yoyote na utazame dari.

Alikuwa na koti la kahawia lenye mfuko kifuani, na mfukoni ilikaa bisibisi ya kupimia, ile yenye kitaa kidogo kinachowaka ikiguswa na umeme. Sijapata kumwona akiitumia. Aliivaa kama wengine wanavyovaa kalamu. Yeye alipima kwa mgongo wa mkono. Aliupitisha karibu na waya, kisha akaugusa, kisha akatikisika mabega na kutuambia, "Munaona? Iko." Siku moja umeme ulimtikisa hadi chaki ikamponyoka na kuvunjika vipande vitatu. Akaokota kipande kirefu na kuendelea kuandika ubaoni kanuni za usalama, ya kwanza ikiwa: usiguse kamwe waya usiojulikana. Tulinakili. Nina daftari hilo hadi leo, na ubaya ni kwamba kila kilichoandikwa ndani yake ni kweli.

Ndiyo maana ni vigumu kumdharau kwa raha. Mtu asiyejua, unamhurumia. Prof alijua. Alitueleza vizuri, kuliko walimu wote niliowapata baadaye chuoni, kwamba waya wa kwanza huleta umeme, wa pili huurudisha, na wa tatu, wa kijani na manjano, tunaouita terre, hushikana na udongo, ukingojea siku ambayo umeme utapotea njia na kuingia katika chuma cha mashine. Siku hiyo waya wa tatu huuchukua umeme na kuuzika ardhini kabla haujampata mtu. "Ile waya," alisema, "iko kama mulinzi. Unamulipa myaka kumi, anakaa tu. Siku moja mwizi anafika." Darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa naogopa huyo mwizi.

Kisha, kila Jumamosi, mwalimu huyo huyo alikwenda kwa wateja na kumkata mlinzi kichwa.

Inafaa nieleze desturi yetu, maana Prof hakuianzisha, aliibariki tu. Vyombo vingi hutufikia kupitia Uganda, na vinakuja na plagi nene yenye meno matatu. Soketi zetu zina matundu mawili. Basi kitu cha kwanza anachofanya fundi wa huku, kabla hata hajauliza chombo kinafanya nini, ni kukata ile plagi, kufunga nyingine ya meno mawili, na kuukata waya wa tatu sawasawa na ngozi ya kamba ya umeme ili usionekane. Hilo linaitwa kutengeneza. Prof alilifanya haraka kuliko wote. Kama kamba ilikuwa ndefu mno, aliipunguza pia, akauchomoa ule waya wa tatu kutoka katika kipande kilichobaki na kwenda nao nyumbani. Mkewe alianikia nguo juu ya nyaya hizo, zimeunganishwa fundo kwa fundo kutoka jikoni hadi kwenye ua wa mianzi. Sijapata kuona mahali pengine kamba ya nguo iliyo salama namna ile kwa umeme.

Nilimwuliza mara moja tu. "Prof, mbona tunaikata?"

"Juu ile waya hapana fanya kazi."

"Lakini ulitufundishaka…"

"Nilikufundishaka ya mu buku. Hii ni ya mu nyumba. Mamuzeli, weye utachoka mbaya, juu unafikiri kila kitu mara mbili."

Alikosea. Mimi hufikiri mara tano.

Hivyo ndivyo alivyoniita, Mamuzeli, kama Wafaransa wanavyomwita binti, na alipotaka kuchekesha watu alinipandisha cheo: Mamuzeli Enjenieri. Lakini nisiposema na hili nitakuwa mwongo: ni yeye aliyenipa pensi. Tulikuwa wasichana wawili darasani, na wavulana walikuwa wamezoea kutuachia kazi ya kufagia vipande vya nyaya. Prof aliingia siku moja, akamnyang'anya mmoja wao pensi, akaniwekea mkononi. "Banawake banashonaka nguo," alisema. "Kushona ni nini? Ni kufuata waya. Mumupe fasi." Hoja ile ilikuwa ya kipumbavu, nami nilijenga maisha yangu juu yake. Na baba yangu alipofariki, jenereta ya matanga ilizimika watu wakiwa wamejaa uani. Prof alivua koti, akapiga magoti kwenye matope, akaifufua, akanawa mikono na kuketi mwisho kabisa wa benchi. Hakumwambia mtu neno. Nilimwona kwa sababu nilikuwa namtazama.

Kulikuwa na kitu kimoja alichokiogopa, nacho kilikuwa televisheni za zamani, zile zenye tumbo. Kioo chake hutunza umeme mkali hata baada ya kuchomolewa ukutani. Siku za ujana wake, huko Lubero, kioo kimoja kilimrusha akaangukia vikapu vya viazi vya mwenye nyumba, na inasemekana aliomba radhi kwa viazi kwanza. Tangu hapo alikiendea kioo cha zamani kama mtu anayeendea kitanda cha askofu mgonjwa. Alivaa viatu vya mpira, akaweka mkono mmoja mfukoni, akaunganisha bisibisi ndefu na chuma cha chini kwa waya, akaiingiza chini ya kofia ya mpira ya kioo hadi kitoe mlio, akangoja, akarudia, akangoja, akarudia mara ya tatu. Nilijifunza kwake kazi ile na hakuna aliyenifundisha vizuri zaidi. Basi aliogopa ipasavyo kitu kilichomwangusha mara moja, na kilichokuwa kikimtekenya kila siku akakidharau. Nadhani hiyo ndiyo elimu yote aliyokuwa nayo. Nyingine aliisoma tu.

Alipostaafu alihamia Beni, kwa binti yake huko Mulekera. Hakuacha kazi. Miezi michache iliyopita alinipigia simu niende tumsaidie Mama Hadja, mfanyabiashara wa mtaa wa Bungulu ambaye mumewe husafirisha mizigo. Ndani ya bidhaa zilizotumika alikuwa ameletewa kabati la mchezo wa video, sanduku la mbao refu kuliko mtu, lenye kioo cha tumbo mbele, vijiti na vifungo juu ya bamba la chuma, na chini kimlango cha chuma cha kutumbukizia sarafu. Huku hatuna sarafu, hivyo Mama Hadja alitengenezesha vipande vya bati vya kuingiza. Kioo kilikuwa kimekufa na umeme wa ndani ulikuwa wa nchi nyingine. Alitaka tuondoe vyote, tuweke kioo bapa na kompyuta ndogo, kabati liwe jipya ndani na la zamani nje.

Nilikubali upesi. Prof alikuwa ameniahidi barua kwa mkuu wa shule yetu ya zamani, ili nipewe nafasi yake ya kufundisha, ambayo bado haikuwa na mtu. Nina shahada ya umeme, na kazi yangu hadi siku ile ilikuwa kuchaji simu za majirani kwa paneli ya jua.

Kioo tulikitoa salama, baada ya kukiondolea umeme mara tatu, kwa heshima zote. Kisha tukafunga kile kisanduku cha chuma kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa umeme mdogo wa kompyuta. Nikauliza lililokuwa kooni.

"Prof, waya ya terre tutaifunga fasi gani?"

"Fasi gani? Angalia nyumba. Nyumba yote ya hapa iko na waya mbili tu. Ya tatu utaifunga ku roho yako?"

"Tunaweza kupiga piquet inje." Nilimaanisha ile fimbo ya shaba inayopigwa udongoni.

"Piquet? Mama Hadja atasema tuko namuchimbia kaburi."

"Prof," Mama Hadja alisema kutoka mlangoni, "usiite kaburi mu kazi yangu."

Alicheka, nikacheka nami, na kwa kicheko hicho habari ya fimbo ikaisha. Lakini nilijipa moyo kwa njia yangu. Nilichukua nyaya za kijani na manjano, nikaunganisha kisanduku na kimlango cha chuma, kimlango na bamba la vijiti, bamba na kila skrubu kubwa, kila kiungo na kipete chake, vyote vikikutana mahali pamoja na kutoka nje kupitia waya wa tatu wa kamba kubwa. Prof alitazama. "Funga, funga," alisema. "Ikuwe muzuri kama ya buku." Nilikwenda kula. Niliporudi, kamba ilikuwa na plagi ya meno mawili, na waya wa tatu ulikuwa umekatwa sawasawa na ngozi.

Niliuona. Nilisimama pale na sombe, kisamvu chetu, bado mdomoni, nikauona, na sikusema kitu, kwa sababu ya barua. Mashine ikawaka, watu wakapiga makofi, nikarudi Butembo.

Wiki tatu baadaye Mama Hadja alinipigia.

"Mamuzeli, ile mashini iko natekenya batoto."

"Inabatekenya fasi gani, mama?"

"Fasi yote ya chuma. Weye usiogope, banaipenda. Banashikana mikono, wa mbele anashika mulango, wa nyuma anashika ukuta, banacheka wote."

"Prof alisema nini?"

"Alileta mupira ya gari, akatandika chini. Anasema bavae kambambili."

Hapo ndipo nilipoacha kulala. Kisanduku kile, hata kikiwa kizima, huvujisha umeme kidogo sana kwenye chuma chake. Kimeundwa hivyo, kwa kuwa aliyekiunda alitegemea waya wa tatu uuchukue. Usipokuwepo, umeme hukaa kwenye chuma ukingojea mkono. Kama nisingefunga kitu, ungebaki ndani ya kabati, gizani, mahali ambapo hakuna anayegusa. Mimi niliutengenezea barabara. Niliutoa hadi kwenye kimlango ambacho kila mtoto hukigusa akiingiza bati lake, hadi kwenye bamba ambalo kila mchezaji hulilalia viganja. Leo unatekenya. Siku kisanduku kitakapoharibika kweli, na huku kwetu umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo visanduku huharibika, utapita katika barabara hiyo hiyo umeme wote wa ukutani. Prof alikata waya mmoja, basi. Zile nyingine, safi, zenye vipete, zilikuwa zangu.

Nilimpigia. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi.

"Prof, naona ile mashini ya Mama Hadja…"

"Kutekenya hapana uua mutu."

"Chini ni sakafu ya sima, Prof. Mvua ikinyesha maji inaingiaka."

"Ndiyo maana ya mupira." Kisha akaongeza: "Barua yako niko naandika kesho."

Alikuwa ameniambia kesho kwa miezi miwili, lakini safari hii nilielewa kwa nini alilisema pale. Nikampigia Mama Hadja, nikamwomba aichomoe mashine. Akaniuliza, kwa upole kabisa, "Prof alisema hakuna shida. Si yeye njo mwalimu wako?" Nikasema ndiyo. Nikakata simu. Kisha nikawaza siku nne kuhusu unene wa mpira wa gari. Niliwaza kwamba labda watoto wangeuchoka mchezo ule. Niliwaza kumwandikia Prof barua ya heshima yenye mchoro. Nilifikia hata kuwaza kwamba mimi ndiye ninayezidisha, kama alivyosema siku zote. Na wazo hilo lilikuwa tamu kuliko yote, ndipo nikaliogopa.

Alhamisi asubuhi mvua ilianguka Butembo, kubwa, ile inayogeuza njia kuwa mtaro. Niliona sakafu ya saruji ya Mama Hadja kana kwamba nimesimama juu yake. Nilikwenda sokoni, nikanunua fimbo ya shaba, waya mnene, na disjoncteur differentiel, swichi inayojikata yenyewe mara umeme unapovuja. Nikapanda gari la Beni. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliniteremsha na fimbo yangu, akaniita leki, mdogo wake, akaigeuzageuza kama kijiti cha mishikaki.

"Leki, hii ni brosheti ya nani?"

"Ni ya courant, ya umeme, afande."

"Courant inachomaka nyama pia?"

"Inachoma."

Alinitazama, akanirudishia.

Bungulu mvua ilikuwa imepita, na maji yalikuwa yamefika hadi ukingo wa mpira wa gari. Dereva mmoja wa pikipiki alikuwa anacheza, kandambili zake zimelowa. Sikumsalimu mtu. Nilichomoa plagi, nikatoa pensi, nikaikata kamba karibu na kabati, ili asiwepo wa kuirudisha ukutani.

"Eh, mamuzeli," dereva akasema, bado ameshika kijiti. "Nilikuwa niko nashinda."

Mama Hadja alitoka nyuma akijifuta mikono kwenye kitenge. "Nani alikutuma?"

"Hakuna mutu, mama. Tulikosea, Prof na mie. Prof alikata waya, na mie niliiona. Zile zingine mie njo nilifunga, njo zinaleta moto ya courant ku mulango. Hii inaweza kuuwa mutoto."

"Na unaniambia leo."

"Ndiyo, mama."

Alimaliza kujifuta mikono. Kisha akachukua simu na kumpigia Prof.

Alipofika kwa pikipiki kutoka Mulekera nilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye udongo uliolowa, napiga fimbo kwa nyundo ya kuazima, na ilikuwa imebaki kiganja kimoja juu ya ardhi. Alikuwa amevaa koti. Alikuwa amekonda. Alisimama akitazama viatu vyangu.

"Mamuzeli, uko naniharibia jina mbele ya batu."

"Prof, chuma iko na moto."

"Mie sikuwa najuwa?" alisema. "Weye njo utanifundisha terre? Nani alikufundishaka hii neno?"

"Ni weye."

Nilipiga hadi fimbo ikaisha. Nilivuta waya mnene kupitia ukutani, nikafunga ile swichi, nikaweka kamba mpya ya nyaya tatu na soketi ya matundu matatu. Prof alinifuata kila mahali, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani. Alinisahihisha mara moja, kiungo kilichokuwa kimelegea kweli, na nilikikaza. Mwisho, ili nivujishe umeme kwa makusudi, nilichukua taa iliyoshikizwa kwenye nyaya mbili. Mmoja nikaufunga kwenye fimbo, mwingine kwenye waya unaoleta umeme, wakati swichi iko chini. Nikawaambia wote wakae mbali na kabati, nikainua swichi.

Swichi ilianguka papo hapo, ikajikata. Taa haikupata hata muda wa kuwa nyekundu.

Prof alisogea akaweka uso wake karibu kabisa na kile kiswichi, kikiwa kimelala.

"Nilifundishaka hii kitu myaka yote," alisema. "Sikuionaka moja ikianguka." Kisha, bila kugeuka: "Rudilia."

Niliinua tena. Ilianguka tena. Alitikisa kichwa taratibu, kama alivyofanya darasani mwanafunzi alipompa jibu sahihi ambalo yeye hakulitarajia kutoka kwake. Kwa dakika moja hivi nilifikiri atasema jambo ambalo lingenilazimu kumsamehe.

Alifunga kifungo cha koti. Alimuaga Mama Hadja kwa jina la mumewe na kumwuliza habari za safari. Mlangoni akasimama.

"Ile barua ya shule," alisema, "usiingojee."

"Ndiyo, Prof," nilijibu.

Nilitoa taa ile, nikaunganisha kabati, nikainua swichi, nikagusa kimlango cha chuma kwa bisibisi ya kupimia, kitaa kikabaki kiza. Kisha nikafunga ubao wa nyuma, skrubu zote sita.